Gari la Maziwa na Ruta ya Laini Mbili

Mkulima, umepata kusimama kando ya njia alfajiri, mkebe wako umejaa, gari la chama limefika, karani amekwisha kupima maziwa, halafu akakuambia, "Ngoja kidogo, mtandao umepotea"? Wengi wetu tumesimama hivyo. Jua linapanda, maziwa yanazidi kupata joto, na wenzako walio mbele wanangoja gari lile lile. Karani akichoka kungoja huandika kilo zako katika kipande cha karatasi, na jioni huzinakili ofisini. Hapo ndipo 17 hugeuka kuwa 11, na mwisho wa mwezi ugomvi huanza.

Siku hizi vyama vingi vya maziwa vimeacha mizani ya saa na kutumia mizani ya umeme. Mizani hii hupeleka hesabu yenyewe katika daftari la chama, na mwenye maziwa hupata ujumbe katika simu yake kabla gari halijaondoka. Ni jambo jema sana, maana karani hawezi kubadili alichokwisha kupeleka. Lakini jambo hilo lote hutegemea mtandao, na gari halikai mahali pamoja kama ofisi. Kwa sababu hii wasomaji wetu wa maskimu wametuuliza ni mashini gani ifungwe garini ili mtandao usikatike. Tulikwenda Kitengela na Kajiado kutazama wenzetu wanavyofanya.

Tulipanda pikapu ya chama kimoja kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Kitengela kupitia Isinya hadi mji wa Kajiado ni kama kilometa 50 za lami, na ukifuata lami tu huna taabu kubwa ya simu. Lakini ng'ombe hawakai juu ya lami. Gari hutoka barabara kuu, likaingia njia ya udongo mweusi, likateremka korongo, likapanda upande wa pili, likarudi. Katika mteremko wa tatu tablet ya karani ilinyamaza. Binti yule akainyosha juu kama mtu anayeomba mvua. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kufunika mkebe wake akamwambia, "Mwanangu, mtandao wenu haunywi maziwa. Andika, nami nitie alama yangu."

Mtunza fedha wa chama alituambia ya kwamba walikuwa wamejaribu mara mbili. Mara ya kwanza walinunua kisanduku kidogo cha mfukoni, kile ambacho vijana hukiita maifai. Walikiweka juu ya dashibodi, na jua la Kajiado likafanya betri yake ivimbe kama andazi. Mara ya pili walinunua laini nyingine, wakaitia katika simu ya dereva iwe ya akiba. Lakini laini ile ilikuwa ya kampuni ile ile ya kwanza, basi moja ilipopotea na ya pili ilipotea vile vile.

Jiulizeni kwanza

Kabla hamjaitoa hata shilingi moja, kaeni katika kamati mjiulize: je, gari letu lahitaji mtandao njia nzima, au lahitaji tu kwamba hesabu isipotee? Haya ni mambo mawili mbali.

Kuna mizani na programu zinazohifadhi hesabu ndani yake mtandao usipokuwapo, kisha zikaipeleka zenyewe gari lifikapo penye mtandao. Hesabu ya kila mkulima hubaki na saa yake na jina lake, wala karani hawezi kuigusa. Ikiwa mizani yenu ina uwezo huo, basi sehemu kubwa ya shida imekwisha bila ruta ya bei kubwa. Ikiwa haina, ulizeni kama fundi aweza kubadili programu. Sisi twaona hili ndilo jambo la kwanza, na wauzaji wa ruta hawatakuambia, kwa kuwa wao huuza ruta.

Lakini kuna kazi zisizoweza kungoja. Chama kinacholipa wakulima papo hapo kwa M-PESA hakina budi kuwa na mtandao mlangoni pa mkulima. Gari lenye tangi la ubaridi hutaka kupeleka habari za joto kila dakika chache, ili mtu wa ofisini ajue mashini ya ubaridi ikizimika, maana maziwa yakikaa juu ya nyuzi 4 kwa muda mrefu vijidudu huzaana upesi. Daktari wa mifugo anayezunguka na gari huenda akataka kumwonyesha mwenzake wa mjini picha ya ng'ombe aliyelala. Kwa kazi kama hizi, soma yafuatayo.

Laini mbili, kampuni mbili

Maana ya laini mbili ni kwamba moja ikianguka nyingine ishike. Kwa hiyo yapasa ziwe za kampuni mbali mbali. Nchini Kenya gari laweza kuwa na laini ya Safaricom na ya Airtel, au moja ya hizo pamoja na Telkom.

Hata hivyo, usidhani ya kwamba kampuni mbili ni minara miwili. Kampuni nyingi hupanga nafasi katika mnara mmoja. Mwaka 2018 Telkom ilikubaliana kuiuzia kampuni ya American Tower minara yake hadi 723, na mwenye mnara wa namna hii hukodisha nafasi kwa yeyote. Basi yawezekana laini zako mbili zikawa zinaning'inia mlingoti mmoja, na betri ya mnara ikiisha zote zikazimika pamoja. Mwezi wa Agosti 2023 umeme ulipokatika karibu nchi nzima, watu walijifunza jinsi mnara unavyotegemea umeme kama nyumba nyingine yoyote.

Hutaweza kujua haya ukikaa ofisini. Chukueni simu mbili, kila moja na laini ya kampuni yake, na daftari la mwanafunzi. Kwa muda wa juma moja karani aandike katika kila kituo: jina la kituo, saa, na nguvu ya kila laini. Katika simu nyingi, ndani ya mipangilio, mahali panapoeleza habari za laini, utaona tarakimu yenye alama ya kutoa mbele yake. Ikisoma kama -80 mtandao ni mzuri. -100 ni wa kujikongoja. -115 ni kama hakuna. Daftari hilo ni la thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Chama tulichokitembelea kiligundua ya kwamba kati ya vituo vyake 31, kampuni ya kwanza ilikosekana katika vituo 5, ya pili katika vituo 9, lakini zote mbili zilikosekana pamoja katika vituo 2 tu. Mahali pawili hapo walihamisha kituo kimoja mita mia mbili hadi kwenye mwinuko, na wanawake wa pale hawakununa, kwa sababu kuna mti wa kivuli.

Modemu moja au mbili?

Hapa ndipo wengi hudanganywa. Sanduku laweza kuandikwa kwa herufi kubwa kwamba lina nafasi mbili za laini, na ni kweli, lakini ndani mna modemu moja tu. Modemu ndicho chombo kinachozungumza na mnara. Ruta ya namna hii ni kama mtu mwenye makoti mawili: huvaa moja tu kwa wakati mmoja. Laini ya kwanza ikianguka, mashini huivua, huvaa ya pili, hutafuta mnara, huomba ruhusa, ndipo huanza kazi. Hilo huchukua nusu dakika, wakati mwingine dakika nzima na zaidi.

Ruta yenye modemu mbili huwa na laini zote mbili macho wakati wote, na kuhama ni jambo la sekunde chache. Bei yake ni kubwa zaidi.

Gazeti hili halitangazi bidhaa ya mtu, lakini mfano wafaa. Kampuni ya Teltonika ya Lithuania hutengeneza ruta zinazotumika sana katika magari. Ile iitwayo RUTX11 na ile iitwayo RUTX12 zafanana machoni kama mapacha, na jina ni tarakimu moja tu tofauti. Ya kwanza ina nafasi mbili za laini na modemu moja. Ya pili ina modemu mbili. Mtu asiyejua hulipa akidhani amepata hii, kumbe amepata ile. Kampuni nyingine, Peplink, ina mashini iitwayo MAX Transit Duo, yenye modemu mbili, nayo yaweza kuunganisha laini zote mbili ziwe kama mfereji mmoja, hata picha ya moja kwa moja isikatike gari likihama kutoka mnara huu hadi ule. Lakini kuunganisha kwa namna hiyo hutaka mashini ya pili upande wa ofisi, au huduma ya kulipia, na bei ya ruta yenyewe hupita shilingi laki moja. Kwa daktari wa mifugo mwenye fedha za mradi, vyema. Kwa kilo za maziwa ni kumchinjia kuku mmoja kwa panga la mkonge.

Tazama hesabu. Habari za mkulima mmoja, jina na kilo na saa, hazifiki kilobaiti moja. Wakulima 200 ni chini ya kilobaiti 200, yaani kitu kidogo kuliko picha moja ya simu. Picha ya video ya wastani, kwa saa moja, hula kama megabaiti 900. Basi kama kazi yenu ni kilo tu, msilipie mwendo wa kasi. Safaricom ilianza kuuza 5G mwezi wa Oktoba 2022 na Airtel ikafuata mwaka 2023, lakini korongoni utakachokitamani ni mtandao unaofika mbali, si unaokwenda mbio. Ulizeni kama ruta yaweza kushuka hadi 3G, na hata 2G, mahali ambapo 4G haifiki. Nyingine haziwezi kushuka hadi 2G.

Tena kuna jambo la masafa. Mawimbi ya megahezi 800, ambayo mafundi huyaita Bendi ya 20, husafiri mbali kuliko yale ya megahezi 1800, na hapa Kenya hutumika kwa 4G ya mashambani. Ruta zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hazina Bendi ya 20. Huingia nchini mikononi mwa watu, bei nafuu, sanduku zuri, na mjini Kitengela zitafanya kazi vizuri kabisa. Ukishapita Isinya na kuacha lami utajiuliza imekuwaje. Takeni toleo la Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, na muulizeni muuzaji cheti cha kukubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Umeme wa gari

Gari si nyumba. Pikapu ina umeme wa volti 12, lori lina volti 24. Injini inapowashwa umeme wa pikapu huanguka ghafula, labda chini ya volti 9, na ruta isiyostahimili huzimika na kuanza upya. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa lori hufika karibu volti 28, na pengine huruka juu ya hapo kwa kitambo kidogo. Ruta iliyoandikwa volti 9 hadi 30 yafaa pikapu. Kwa lori tafuteni inayofika 50.

Msichukue umeme katika tundu la kuwashia sigara. Kichwa chake hulegea kwa mtikisiko, na dereva atakitoa achaji simu yake, hata ukimwapisha. Fundi avute waya kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe, na waya wa pili utoke kwenye ufunguo wa gari ili ruta ijue injini imezimwa. Kwa nini? Piga hesabu tena. Ruta ya wati 10 katika betri ya volti 12 hunywa karibu ampea 0.8. Gari likiegeshwa Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri, ni saa 60, yaani ampea-saa 50. Betri ya pikapu yenyewe ni ya ampea-saa 60 au 70. Jumatatu mtasukuma gari, na maziwa yatangoja.

Antena

Bodi la gari ni bati, na bati huzuia mawimbi. Ukifungia ruta chini ya kiti na vijiti vyake vidogo, umemfunga mtu kitambaa machoni. Antena iwe juu ya paa la kebini, mahali penye uwazi, mbali na kerea ya mikebe. Kila modemu hutaka antena mbili; basi ruta ya modemu mbili ina nyaya nne za mtandao, mbali na ule wa kujua gari liko wapi. Siku hizi zote huwekwa ndani ya kofia moja ya plastiki, nayo hufungwa kwa tundu moja la paa. Tundu hilo lizibwe vizuri kwa mpira, maana mvua ya Aprili haina huruma.

Waya uwe mfupi. Waya mwembamba wa mita 5 hula zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika ndani, na fundi mvivu hupenda waya mrefu kwa sababu haukati. Mwambieni aukate, au alete mfupi tangu dukani. Njia zetu hulegeza kila kitu: kila mwezi dereva akaze vichwa vya nyaya kwa mkono, si kwa koleo, na kufuta vumbi.

Ruta yenyewe iwe ya bati, ya kustahimili joto la nyuzi 70 au zaidi, isiyo na betri ndani. Ifungwe nyuma ya kiti katika kisanduku chenye kufuli na matundu ya hewa. Kufuli si kwa ajili ya wezi wa mbali tu. Kijana akijua kuna laini yenye bando ndani, ataitoa Jumapili akaangalie mpira.

Mambo ambayo fundi husahau

Ruta yaweza kushikana na mnara na bado mtandao usiwepo nyuma ya mnara. Taa huwa ya kijani, kila kitu huonekana kizuri, na hesabu hazitoki. Kwa sababu hiyo fundi aiambie ruta ipige hodi mbali kila sekunde 20 au 30, yaani iulize kompyuta ya nje, "Upo?" Ikikosa jibu mara tatu, ihame. Bila hivyo laini ya pili italala wakati ya kwanza inadanganya. Tena ipewe muda, kama dakika 5, kabla ya kurudi laini ya kwanza, isiwe inarukaruka kama mbuzi kwenye ukingo wa korongo.

Laini ya akiba hufa kimya kimya. Haitumiki, bando lake linakwisha muda, na siku ya haja haina kitu. Chama tulichokitembelea kimeweka kanuni: kila Jumatatu gari hutumia laini ya pili siku nzima. Ikiwa imeisha, watajua Jumatatu asubuhi.

Na laini zote ziandikishwe kwa jina la chama. Tumesikia habari za karani aliyeacha kazi akaondoka na laini iliyokuwa kwa jina lake, na chama hakikuweza kuidai, maana kwa sheria ilikuwa yake.

Yafaa pia mjue mpaka wa mambo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao wa Afrika ya Mashariki ukadhoofika kwa kampuni zote. Siku kama hiyo hata laini tano hazisaidii kitu. Wengine hutaja Starlink, iliyofika Kenya mwezi wa Julai 2023, ambayo hupokea mtandao kutoka angani. Ni njia ya kweli ya tatu, lakini si kila mkataba wake huruhusu kutumia gari likiwa linakwenda, nayo hunywa umeme mara kadhaa kuliko ruta. Kwa gari la maziwa hatuioni bado.

Siku ya kupokea kazi

Msilipe fedha zote gari likiwa limeegeshwa mbele ya duka. Fundi apande gari mwende naye njia nzima, asubuhi, na mikebe ikiwa imejaa. Katikati ya njia, karani akiwa anapima, mwambieni aizime laini ya kwanza. Tazameni saa. Kisha airudishe, aizime ya pili. Kisha zimeni injini, mwashe tena, mhesabu dakika hadi hesabu zianze kutoka.

Wenzetu wa njia ya Kajiado walichagua ruta ya modemu moja na laini mbili, pamoja na mizani inayohifadhi hesabu, kwa kuwa hawalipi papo hapo na fedha zao hazikutosha kwa modemu mbili. Tulipokwenda mara ya pili tulikuwapo siku ya majaribio. Laini ya kwanza ilipozimwa, kuhama kulichukua sekunde 70. Mtunza fedha alikunja uso, akasema muuzaji aliahidi 30. Karani hakusema neno. Alikuwa amekwisha kupima mikebe minne katika muda huo, na hesabu zote zilikuwa ndani ya mizani zikingoja. Mama yule wa mteremko wa tatu alikuwa anafunika mkebe wake simu yake ilipolia. Akaitoa shukani, akasoma kilo zake kwa sauti, 17, akamtazama karani, kisha akasoma mara ya pili.